Macho Yaliyokutolea Ushahidi

Kwako Bibi, mama mzaa baba yangu,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa mazoea tu, maana wa kuitikia marahaba hayupo. Nimekaa kwenye kigoda chako, hapa hapa Nyarugusu, kwenye chumba kile kile cha nyuma ya karasha. Mashine bado inasaga mawe ya dhahabu kutwa nzima na bati bado linatetemeka. Kilichobadilika ni kimoja: nakuandikia bila miwani. Miwani yangu ipo kwenye kikopo juu ya kabati, na bado sijajua niifanye nini.

Nimefanyiwa upasuaji wa macho, Bibi. Si wa kisu, ni wa mwanga, wanauita leza. Najua ungeniuliza kama ni mwanga huu huu unaotuumiza macho ndio huo wanatibia nao, halafu ungecheka mpaka ukohoe.

Haya ningeweza kukuandikia kwa siri na kuyafukia pale ulipolala. Lakini neno lililokutoa kwako Kishapu nililisema mimi, mbele ya ukoo mzima, nikiwa na miaka tisa. Neno lililosemwa hadharani haliombewi msamaha chumbani. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi, asome anayetaka.

Unalikumbuka jiko lako la kule? Kuni zilikuwa za kusikia kwa wenzetu. Tulipikia miti mikavu ya pamba, na ikiisha tuliokota mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake ulikuwa hauna huruma na mtu. Ulikuwa umeinamia moshi huo tangu ulipoolewa. Macho yako yalikuwa mekundu tangu nikufahamu, na mimi sikujua kwamba kwetu macho hayo husemwa ni ya mchawi. Nilidhani bibi wote wako hivyo. Bibi za wenzangu sikuwahi kuwaona vizuri.

Sikuwaona kwa sababu nilikuwa sioni. Hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe. Nilidhani dunia ndivyo ilivyo, rangi rangi zilizochanganyika na vumbi, na kwamba wenzangu ni hodari zaidi wa kubahatisha. Kila kitu nilikipelekea uso. Ulikuwa unanitania, "Mke mwenzangu, unakula ugali au unaunusa?" Uliniita mke mwenzio kwa ajili ya Babu, ambaye alikufa kabla sijazaliwa, na ulinionya nisijisifu, kwamba pamoja na ujana wangu mke mkubwa ni wewe.

Shuleni waliniita kipofu. Nikitumwa kutazama ndama wamefika wapi, nilikwenda hatua chache, nikasimama, nikarudi na jibu la kubuni. Mara nyingi nilipatia. Watu niliwatambua kwa sauti, kwa mwendo na kwa nguo. Wewe nilikutambua kwa khanga yako ya njano, ile uliyoletewa na baba kutoka Shinyanga mjini. Boma zima hakukuwa na njano nyingine kama ile, na nikiiona tu nilikuwa nakimbia kuja.

Halafu mtoto wa baba mdogo Masanja akafa. Masanja ni kitinda mimba wako, ulimnyonyesha muda mrefu kuliko wote, mwenyewe ulisema. Mkewe, mama mdogo Minza, alikuwa bado msichana, na yule ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza. Aliugua siku tatu, ya nne tukamzika. Baada ya msiba wazee wakatuma mtu kwa mganga, naye akarudi na maneno kwamba adui yuko ndani ya boma. Tukakusanywa uwanjani, ikaulizwa nani alimwona nani jioni ile kabla mtoto hajazidiwa. 

Mimi nikasema, "Nilimwona Bibi nyuma ya nyumba ya baba mdogo. Alikuwa anamwaga kitu."

Nikueleze lililokuwa moyoni mwangu, kwa sababu sijawahi kumweleza mtu. Nilifurahi. Wazee wazima waligeuka kunitazama mimi, yule yule asiyeona kitu. Baba mdogo akanishika bega, akaniuliza tena polepole, nami nikarudia na kuongeza kwamba ulitazama huku na huku kabla ya kumwaga. Hilo la kutazama nililibuni. Mengine sikuyabuni. Ng'ombe walikuwa wanarudi na vumbi lao, nikaona njano, imeinama, na maji yanamwagika. Nilimwona Bibi. Ndivyo nilivyoamini, mpaka miezi miwili iliyopita.

Baba aliinuka anifokee, wewe ukamzuia. Ulisema, "Mwacheni. Mtoto huyu hasemi uongo." Hukuongeza neno, la kujitetea wala la kulaumu. Ulikaa na mikono yako mapajani, na mimi nikaona umenitetea, nikafurahi mara ya pili.

Baba alijua kinachofuata baada ya kikao kama kile. Wapo wazee wa kike wa kwetu waliofuatwa usiku kwa mapanga, hawakupewa hata muda wa kufunga mzigo. Kesho yake asubuhi alikupakia kwenye fuso lililokuwa linakwenda Kahama, na kutoka Kahama akakuleta huku machimboni, ambako kila mtu katoka kwao na hakuna anayeuliza wewe ni mama wa nani. Nililia kwa sababu unaondoka. Kwamba nimekuondoa mimi, halikunijia akilini.

Nilipokuja kukutembelea likizo ya kidato cha kwanza, nilikukuta unauza michembe, viazi vitamu vya kukausha, pale kwenye karasha, umezungukwa na wachimbaji waliotoka shimoni, wamejaa vumbi jeupe kama wamepakwa unga, na kila mmoja ana macho mekundu kuliko yako. Ulinivuta sikio, ukaninong'oneza, "Huku ndiko kwetu hasa. Kijiji kizima wachawi." Nikacheka, kisha nikaogopa kwamba nimecheka.

Ni likizo ile uliyonipeleka Geita kupimwa macho, baada ya kuona namwagia chai mezani pembeni ya kikombe. Michembe ndiyo iliyolipa miwani yangu ya kwanza. Nikaivaa pale mlangoni, nikauona mwembe wa ng'ambo ya barabara kwamba una majani, jani moja moja, nikaanza kukuhesabia kwa sauti. Nikasoma maandishi ya duka la mbali. Nikakuonyesha mtu anayekuja na baiskeli, nikakwambia amevaa kofia, ana ndevu. Ulinitazama. Kisha ukauliza taratibu, "Kumbe ulikuwa huoni?" Nikasema, "Sikuwa naona kitu, Bibi." Ukaniambia, "Haya, twende." Njia nzima hukusema neno, na mimi nikadhani umechoka.

Halafu nikaja kuishi nawe kabisa, nilipomaliza kidato cha nne na kupata kazi ya kushika mizani kwa broka wa dhahabu. Miaka ile ndiyo ninayoikumbuka kwa raha na kwa aibu, vyote pamoja. Raha unaijua. Tulikuwa tunasutana kama wake wenza kweli. Ulikuwa unanihesabia wachumba kwa vidole na kuwakataa wote, na yule niliyemng'ang'ania ulimkataa mara mbili, ukasema miguu yake haitulii. Hukukosea. Alifuata dhahabu Chunya, akapata na mke huko huko.

Aibu ni ile ya kula. Nilikuwa nasubiri wewe utangulie kumega tonge. Sikuwahi kulisema, nilijifanya nanawa mikono tena, au natafuta chumvi. Nilikupenda, Bibi, nilikupenda kuliko mtu yeyote, na bado kulikuwa na kitu kidogo ndani yangu kilichokuwa kinasema: lakini nilikuona. Nadhani uliligundua mapema. Ikawa kila ukipakua unamega kwanza na kusema, "Ngoja nionje kama umeiva." Ugali wa miaka yote ile, ulikuwa unaonja kama umeiva.

Ulipofariki, baba alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa baba mdogo. Nilimpigia simu nikamwuliza tukulete lini. Akasema, "Asilale hapa." Tukakuzika huku, wachimbaji wanne, mchungaji na mimi. Mwaka huu ni wa sita.

Sasa nikueleze jinsi nilivyofika kwenye leza. Siku moja kazini nilikuwa nimeinama kusoma mizani, miwani ikateleza kwa jasho ikaanguka, na mteja aliyekuwa anageuka akaikanyaga kwa buti lake la shimoni. Hakukusudia, maskini, aliomba radhi mpaka mimi nikamwonea huruma. Nilirudi nyumbani nikipapasa kuta. Karibu na mlango wa jirani nikamwamkia mtu mzima aliyekaa kizingitini, "Shikamoo," kimya, nikarudia, kimya, nikasogea kumwuliza kama anaumwa, kumbe ni gunia la mkaa. Wewe ungelisimulia jambo hilo mwaka mzima.

Nilicheka peke yangu mpaka nikafika kitandani, na hapo kicheko kikaisha. Nilikaa ndani siku tatu. Miwani mpya ilikuwa Geita na sikuwa na wa kunishika mkono kunipeleka. Nilipekua majina kwenye simu, simu ikigusa pua yangu, nikitafuta mtu ninayeweza kumwambia sioni, njoo. Wapo watu wengi mle, wauza mkaa, wauza vocha, wenye dhahabu. Wa kumwambia njoo sikumpata. Siku ya nne bosi wangu alituma bodaboda ije kuuliza kama nimeacha kazi. Bodaboda ile ile ikanipeleka Geita nikapata miwani mpya, na ndipo nikaamua. Mtu aliye peke yake hawezi kuyaweka macho yake kwenye kitu kinachovunjika. Nilidunduliza muda mrefu, hayo ya fedha tuyaache, na miezi miwili iliyopita nikapanda basi kwenda Dar es Salaam.

Kwenye hospitali ya macho walinipima siku mbili. Waliangalia unene wa kioo cha mbele ya jicho, kwa sababu kikiwa chembamba hawakugusi. Daktari alikuwa kijana mpole, ananiita dada. Alinivua miwani, akaniambia nitazame ubao ukutani nimsomee herufi kubwa kuliko zote. Nikamwambia ubao wenyewe siuoni. Akasema, basi sogea mpaka uione. Nikasogea, nikasogea, nilipokaribia kuugusa nikaiona, nikageukia lile koti jeupe lililokuwa upande wangu wa kulia nikasema, "Nimeiona, daktari."

Sauti yake ikatoka nyuma yangu. "Mimi niko huku, dada. Umeongea na koti."

Alikuwa ni nesi, mama wa makamo, mnene, hafanani naye hata kidogo. Wakacheka wote wawili kwa wema, na mimi nikacheka. Daktari akasema wenye macho kama yangu ndivyo tulivyo, tunatambua nguo, halafu kichwa kinajazia uso, na mtu anaweza kuapa kabisa kwamba uso ameuona. Akaniuliza nilianza miwani lini. Nikasema kidato cha kwanza. Namba ngapi? Nikasema mainasi tano, ile namba siisahau. Akaandika huku akisema, kama mtu anayesema habari za mvua, "Basi hata ulipokuwa na miaka tisa, kumi, usingeutambua uso wa mama yako ng'ambo ya uwanja."

Bibi, nilikaa chini pale pale. Nesi alidhani naogopa upasuaji, akaniletea maji.

Ningeweza kusema sikujua. Lakini miwani nimevaa zaidi ya miaka ishirini. Kila asubuhi nilipoitafuta baada ya kuivua usiku, nilijua mtu asiye na miwani ni mtu gani. Sikuwahi kupiga hesabu hiyo ndogo kwa sababu sikutaka jibu lake. Wewe uliipiga siku ile ile, mlangoni pale Geita, mimi nikikuhesabia majani ya mwembe. Ulijua. Ukaishi na mimi ukijua, ukaonja ugali ukijua, na hukunilaumu hata siku moja. Nimelia kwa mengi katika maisha yangu, hili ndilo lililoniliza kuliko yote.

Kesho yake nilitaka kuondoka. Nilijiuliza macho haya yamefanya nini cha kustahili kutengenezwa. Kisha nikafikiri kwamba nikienda Kishapu kusema ninalopaswa kusema, naenda nikiwaona watu usoni, wote, hata wale watakaokaa mbali. Nikarudi.

Mapokezi wakaniuliza msindikizaji wangu ni nani, kwa sababu mtu hatoki pale peke yake. Nikasema yuko nje anakuja. Kuna nafasi ya kuandika jina. Nikaandika jina la dada wa mapokezi wa gesti niliyofikia, ambalo nililisoma kwenye beji yake.

Upasuaji wenyewe ni mfupi kuliko kusuka nywele za mbele. Wanakutia matone, jicho linakufa ganzi. Wanakulaza, wanaweka kibanio kope zisifumbe, na hapo unajua kwamba hata ukitaka kutokuona utaona tu. Kitu kinabana jicho, giza linaingia, halafu inatokea taa ndogo ya kijani. Daktari akasema, "Itazame hiyo tu, usihame." Mashine ikaanza kutatarika, na harufu ikaja, ya nywele zinazoungua, kama tunapobabua kichwa cha mbuzi. Nilikuwa nautazama ule ukijani ukichanua na kutawanyika, na nilichofikiria si maumivu, maana hayakuwepo. Nilifikiria kwamba jicho hili, hili wanalolichoma, ndilo shahidi. Kisha wakaja kwenye la pili.

Nilitoka nimebandikwa vikombe vya plastiki usoni. Mlinzi wa getini aliniuliza ndugu zangu wako wapi, nikamwambia wametangulia. Akanishika kiwiko, akanipakia kwenye bajaji, akamwambia dereva, "Mpeleke taratibu huyu mama." Nililala chumbani mchana kutwa nikisikiliza redio ya watu wengine kupitia ukutani.

Nilipoondoa plastiki kesho yake, niliona saa ya ukutani. Nikaona mpaka ule mshale mwembamba wa sekunde unavyotembea. Nikaenda kwenye kioo kujitazama, na weupe wa macho yangu yote mawili ulikuwa umeiva kwa damu, mwekundu kabisa. Daktari alishaniambia itatokea, kile kinachobana jicho hupasua vimishipa, na kwamba itaisha kwa wiki mbili tatu. Lakini nilisimama pale kwenye kioo cha gesti, peke yangu, na aliyekuwa ananitazama ulikuwa wewe.

Sikungoja wekundu uishe. Siku ya tisa, waliponiruhusu, nilipanda basi nikashuka Shinyanga, nikaenda Kishapu na miwani myeusi usoni kwa ajili ya vumbi. Boma limepungua. Baba mdogo anatembelea fimbo, goti lake moja limegoma. Nilimwamkia, "Mwadila baba," akaitikia na kuniuliza kwa nini nimejifunika macho kama askari wa msafara. Mama mdogo Minza akatoka jikoni akijifuta kwa ncha ya khanga. Nikavua miwani nimsalimie vizuri.

Alirudi nyuma hatua moja. "Vaa," akasema. "Vaa haraka, watoto wa jirani wasije wakakuona." Ndipo nikamtazama na mimi. Macho yake mekundu, Bibi, kama yako. Ni jiko lile lile. Baadaye aliniambia mnadani haendi tena, kuna siku watoto walimnyooshea kidole. Huwa anayaosha kwa maji ya baridi kabla hajatoka nje, kama kwamba ni uchafu.

Tulikaa mbele ya nyumba. Nikawaeleza kuhusu leza, nikawaeleza habari ya koti jeupe. Kisha nikasema, "Baba, jioni ile sikumwona Bibi. Niliona khanga. Sikuwa na uwezo wa kumwona mtu."

Baba mdogo alichora chora chini kwa fimbo. Akasema, "Wewe ulikuwa mtoto. Tulikuuliza kwa sababu wakubwa waliogopa kulisema. Lilikuwa limeshaamuliwa." Nilidhani hayo ndiyo yangekuwa mazito ya siku ile. Nilitegemea kulaumiwa, na sikujua niuweke wapi mzigo ambao mwenyewe amekataa kuupokea.

Mama mdogo akasema, "Ilikuwa mimi."

Hakuinua sauti. Alisema mtoto alikuwa anaharisha, khanga zake zote zimelowa, akachukua yako ya njano kwenye kamba. Akaenda nyuma ya nyumba kumwaga maji machafu aliyomfulia mtoto. "Niliposikia wewe, Kabula, unasema, nilijua hapo hapo. Nikasema moyoni nitangoja anayefuata aongee, halafu nitasema. Hakuna aliyeongea. Ningesema ni mimi, wangesema ni mimi." Akamalizia, "Na mama alinitazama. Aliiona khanga yake kwenye kamba yangu. Alijua. Akasema tu mtoto hasemi uongo."

Baba mdogo alikuwa analisikia hilo kwa mara ya kwanza. Alitazama mikono ya mkewe, kisha akainuka kwa shida akaenda upande wa zizi, na hakurudi mpaka nilipoondoka.

Kwa hiyo ulitubeba wote wawili, Bibi. Msichana aliyefiwa na mtoto aliyetaka kuonekana. Ungefungua mdomo mara moja tu, mmoja wetu angepanda lile fuso badala yako. Nilikuwa nadhani nimekuja kukusafisha jina, kumbe wewe ulishaamua siku ile jina lako litumike kwa kazi gani.

Nimerudi huku. Wekundu umeisha. Asubuhi nikitoka naona mpaka vilima vya kule, naona watu wa kwenye mwalo wakiosha mchanga wa dhahabu, ninajua nani anacheka na nani amenuna kabla hawajanifikia. Ni zawadi, sikatai, ninamshukuru Mungu na yule kijana. Lakini nikiona kitu kizuri nageuka kumwambia mtu, na chumba hakina mtu. Naona kila kitu na sina wa kumhesabia. Nimekukosa. Nisamehe kwa kikao, nisamehe kwa chumvi niliyokuwa natafuta wakati ipo mezani. Nisamehe na kwa ile furaha.

Juzi mama mdogo amepiga simu. Ameuliza kutoka stendi ya Nyarugusu mpaka makaburini ni mbali kiasi gani, na kama kuna njia ambayo mtu wa goti bovu anaweza kupita. Nikamwambia ipo. Nyuma yake nilimsikia baba mdogo akimwambia aulize kama nimeweka alama, au ni udongo tu.

Sijui kama atakuja. Nimekwenda leo nikang'oa majani na kufagia. Akija nitamleta mpaka kwako, halafu nitasogea pembeni, nigeuke upande wa barabara. Mtakayoongea ni yenu, mama na mwana. Kule nyumbani wakiniuliza ilikuwaje, nitawaambia sikuangalia.

Lala salama, Bibi.

Mimi mjukuu wako,
Kabula